Ule moshi wa magnesiamu hauwezi kuwa tofali za vitu vya nano?

fundi_maabara
Habari zenu wakuu. Niko maabara ya sekondari moja, juzi tulichoma ribani ya magnesiamu na kidato cha kwanza. Wakati nafuta ule unga mweupe (oksaidi ya magnesiamu) kwenye koleo nikakumbuka picha niliyowahi kuona ya moshi huo chini ya hadubini ya elektroni, ni viboksi vitupu! Kila chembe ni mchemraba, kingo zimenyooka, vingine upana wake ni makumi ya nanomita tu (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita) na hakuna mtu aliyevichonga. Sasa habari za kujenga mashine atomu kwa atomu, tangu enzi za Eric Drexler, yule mhandisi Mmarekani aliyelieneza wazo hilo, watu wanataja almasi almasi. Kwani hizi oksaidi zilizokaa kama chumvi zina shida gani? Naombeni mnieleweshe, madogo wataniuliza.

mwl_kemia
Umeuliza la maana mkuu. Hiyo oksaidi na chumvi ya mezani zimepangika vilevile, ioni (atomu zenye chaji) chanya, hasi, chanya, hasi kama ubao wa drafti, ila kwenye chumvi chaji ni moja kwa moja na huku ni mbili kwa mbili, halafu zimesogeleana zaidi, kwa hiyo nguvu inayoishikilia fuwele ni zaidi ya mara nne. Chumvi inayeyuka nyuzi 801, hii inavumilia mpaka 2,800 na ushee. Na kuna kitu watu wanasahau: almasi ni kaboni, ipashe moto sana kwenye hewa itaungua iwe gesi. Hii yako imeshaungua tayari, umeiona kwa macho yako, oksijeni haina la kuifanya tena. Kitu cha kukaa kwenye joto na hewa mimi najengea hii.

Kanji255
Joto sawa mwalimu, lakini umbo? Kaboni ya almasi ina mikono minne na kila mkono una upande wake, ukiichonga gia inabaki gia. Ioni inamshika yeyote mwenye chaji tofauti, upande wowote, ndo maana ule moshi unatoka michemraba, hilo ndo umbo linalopenda. Halafu sukuma safu moja kidogo tu, chanya inatazamana na chanya, zinakataana, pasuka! Na maji ndo adui mkubwa, unyevu unaigeuza polepole kuwa hidroksidi, yaani ile dawa nyeupe ya maji ya kiungulia.

mtoto_wa_pwani
Kupasuka kuna dawa yake jamani na iko baharini. Chukua kombe la chaza, vunja, angalia ile sehemu inayong'aa kwa ndani pale lilipovunjika, utaona limepangwa tabaka tabaka. Ni vibati vya kalsiamu kabonati, unene kama nusu mikromita (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita), katikati kuna gundi ya protini nyembamba mno. Madini ni kama asilimia 95 lakini ufa ukiingia unalazimika kuzunguka kila kibati, unachoka njiani. Mfupa wako nao ni hivyohivyo, vifuwele vya fosfeti vyenye unene wa nanomita chache ndani ya kolajeni, nayo ni protini. Kwa hiyo usichonge gia, panga tofali ndogo na gundi.
Pia hizi fuwele za ioni zimeshatumika kama sakafu ya kupangia atomu. 2014 watu wa Basel, Uswisi, walipanga atomu 20 za bromini kwenye uso wa chumvi ya kawaida, joto la chumbani, wakatoa msalaba wa bendera yao. 2017 kampuni ya kompyuta ya IBM wakahifadhi biti moja (yaani 0 au 1) ndani ya atomu moja ya metali ya holmiamu iliyokaa juu ya hiyohiyo oksaidi ya magnesiamu.

fundi_maabara
Asanteni sana, hapo kwenye chaza nimeelewa vizuri mno. Ule unga nimeugawa, nusu kwenye chupa yenye kifuniko kizuri, nusu nimeuacha wazi dirishani, zote nimepima kwa mizani. Ulioachwa wazi ukinywa unyevu si utaongezeka uzito? Nitawapa madogo wapime kila Ijumaa nilete namba hapa.

mwl_kemia
Utaongezeka, ila utanyonya na kaboni daioksaidi ya hewani pia, waambie mapema wasije wakasema yote ni maji.