Mjadala: kukariri ufunguzi wa chesi (hatua za mwanzo wa gemu) au kukaa na gemu nzima injini (programu ya kompyuta inayochambua hatua) ikiwa imezimwa?

Mleta mada:
Wadau naomba tulijadili hili. Kila anayeanza chesi siku hizi anaambiwa kariri ufunguzi, hatua kumi au kumi na tano, halafu ukipata gemu ya mashindano iliyorekodiwa itie kwenye injini ikuonyeshe kosa liko wapi, basi. Mi nasema hapo hujajifunza kitu.

Chukua gemu ya Donald Byrne (mweupe) na Bobby Fischer (mweusi), New York 1956, Fischer ana miaka 13 tu. Ufunguzi ukaangukia kwenye Grünfeld, mmoja wa ufunguzi wenye jina. Hatua ya 11 Byrne, mfalme wake bado yuko katikati, anamsogeza tena askofu yuleyule aliyeshamtoa, toka f4 kwenda g5 (herufi na namba ni jina la kiboksi cha ubao). Ukiwa na injini unaona namba yake ya kupima nani yuko mbele imeshuka, unapita. Ukiwa na ubao na umefunika hatua zinazofuata, unakaa hapo hata nusu saa unajiuliza mweusi afanye nini, mpaka unamwona farasi anaenda a4, yani anajileta aliwe, na ukimla tu farasi mwenzake anabeba askari wa e4 na hapohapo anawatishia malkia na askofu kwa pamoja. Ukishaliona hilo kwa macho yako huhitaji kukaririshwa kwamba usicheze na kipande kimoja mara mbili wakati mfalme hajajificha.

Mchangiaji:
Mkuu nakupinga. Kwenye gemu za dakika kumi asiyejua ufunguzi anakufa kabla ya hiyo hatua ya 11, hiyo nusu saa ataitoa wapi? Na injini haidanganyi, sisi ndo tunajidanganya kwamba tumeona.

Mleta mada:
Kwenye injini uko sahihi kabisa, ndo maana nasema iwashwe mwisho ikukague, isikufikirie. Hiyo nusu saa ni ya nyumbani, kwenye dakika kumi unatumia ulichokwisha kukielewa. Angalia New York 1918, Marshall alimletea Capablanca shambulio la kutoa askari kwenye ufunguzi wa Ruy Lopez, Capablanca akamchukua yule askari, akajilinda palepale ubaoni hadi akashinda. Angekuwa mtu wa kukariri angeishia pale laini, yani hatua alizokariri, ilipoisha.

Sasa nikuulize mkuu, ile hatua ya 17 ya gemu ya Byrne, Fischer anapompeleka askofu e6 na kumwacha malkia aliwe, uliitafuta mwenyewe au ulionyeshwa?