Tupeane uzoefu: vidole vya mwanao vilipata nguvu kwa michezo gani kabla ya penseli?

Mama wa wawili (mwanzisha uzi)

Habari zenu wazazi na walezi. Naleta jambo lililoninyima usingizi miezi kadhaa, na najua humu wamo waliolipitia.

Mwanangu wa kwanza alianza chekechea akiwa na miaka minne na nusu. Wiki ya tatu daftari likarudi na wino mwekundu ukurasa mzima: herufi zimelala, nyingine zimetoboa karatasi. Nikaambiwa nimfanyishe mazoezi nyumbani. Kila jioni nikamkalisha mezani nusu saa, mstari kwa mstari wa "a". Siku ya nne nilimkuta kajificha chini ya kitanda, mikono kaikumbatia kifuani, ananiambia vidole vinauma.

Nikamtoa taratibu, nikampa kidole changu nikamwambia akibinye kwa nguvu zake zote. Akabinya mpaka uso ukajikunja. Mimi nilihisi kama nimefungwa uzi wa pamba. Mtoto nimemwita mvivu siku nne, kumbe vidole ndivyo havijapata nguvu. Nililia.

Daftari nikalifungia kabatini. Tukaanza na vibanio vya nguo, anavibana kuzunguka ukingo wa ndoo. Siku ya kwanza alikuwa anabinya kwa mikono miwili, ulimi umetoka nje, vilipofika vinne akachoka. Nikamwonyesha atumie gumba, kidole cha shahada na cha kati tu. Vikamponyoka, vikaruka, tukavifuata chini ya viti. Baada ya wiki mbili ukingo wote ulikuwa umejaa na yeye mwenyewe kaanza kuvipanga kwa rangi.

Nataka kusikia kwenu. Mchezo upi ulizaa matunda, upi uligoma? Tajeni na umri wa mtoto tafadhali, maana cha miaka 2 si cha miaka 5.

Mwalimu wa chekechea

Mama, pole, na hongera kwa kulifunga lile daftari. Nafundisha watoto wa miaka 3 hadi 6, na miaka yangu ya mwanzo nilifanya kosa hilo hilo la kukimbilia penseli. Nilikuja kubadilika nilipoelewa mkono wenyewe ulivyoumbwa.

Jaribuni hivi sasa: shikeni mkono wenu chini kidogo ya kiwiko, halafu chezesheni vidole. Mnasikia misuli inavyopanda na kushuka? Vidole havina misuli ndani yake. Vinavutwa kwa kano (nyuzi imara zinazounganisha misuli na mfupa) kutoka huko juu, na vingine kutoka misuli midogo ya kiganjani. Halafu kuna vile vifupa 8 vya kifundo cha mkono: mtoto anapozaliwa kwa kawaida bado ni gegedu tupu (kitu laini ambacho hakijawa mfupa), vinakuwa mfupa kimoja baada ya kingine kwa miaka mingi, na cha mwisho huja kati ya miaka 9 na 12 hivi. Sasa huyo wa miaka minne unamdai herufi nyembamba kati ya mistari miwili, kwa kifundo ambacho bado kinajengwa!

Kwa hiyo darasani kwangu kazi inaanzia begani. Wanatambaa kama mamba, wanasukuma ukuta, wanalala kifudifudi kuchora. Karatasi kubwa nazibandika ukutani usawa wa macho yao, kwa sababu mtoto akichora kwenye kitu kilichosimama kifundo kinajikunja kwa nyuma chenyewe, vidole vinapata pa kutulia. Bega likiwa legelege, vidole vinalipia.

La pili, krayoni zilizokatika msizitupe. Kipande cha urefu wa kama sentimita 3 hakina nafasi ya ngumi. Mtoto analazimika kukishika kwa ncha za vidole bila wewe kusema neno. Na kidole cha pete na kidole kidogo vikitanuka kila mara anapochora, mpe kijikaratasi kilichofinyangwa akikumbatie kwa vidole hivyo viwili wakati anachora. Huo ni mchezo wa "mficha siri" kwetu, na siri ikidondoka anaiokota anaendelea.

Kuhusu umri, niwaondoe hofu. Mwaka mmoja na nusu anashika kwa ngumi, ni sawa. Miaka 2 hadi 3 vidole vinaelekea chini, ni sawa pia. Karibu na 4 anashika kwa vidole vitatu ila mkono mzima ndio unatembea. Vidole vyenyewe kuchora huku mkono umetulia kunakuja kati ya miaka minne na nusu na 6. Michoro nayo ina foleni yake: mstari wa wima karibu na miaka 2, duara 3, msalaba 4, mraba baada ya hapo, pembetatu karibu na 5. Asiyeweza pembetatu utamdaije "k"?

Wala haya si mageni. Friedrich Fröbel, aliyeanzisha shule yake ya watoto wadogo kule Blankenburg, Ujerumani, mwaka 1837, aliwapa matofali ya mbao, karatasi za kukunja na michezo ya vidole. Maria Montessori naye, aliyefungua nyumba yake ya watoto Roma mwaka 1907, alitengeneza silinda za mbao zenye vishikio vidogo vinavyonyanyuliwa kwa vidole vitatu vile vile vya kushikia kalamu. Mtoto anacheza, kumbe mkono unajiandaa.

Baba wa mapacha

Mwalimu umenifungua macho, nimeshika mkono wangu hapa nimestaajabu.

Wangu wana miaka mitatu na miezi tisa. Mimi nimetegemea michezo isiyohitaji kifaa chochote, kwa sababu muda wetu mrefu pamoja ni wa kusubiri: foleni, safari, zamu ya daktari. Tuna mchezo wa "gumba anasalimia". Gumba anamgusa shahada, wa kati, wa pete, mdogo, halafu anarudi nyuma. Tunasema:

Gumba kabisha hodi, shahada karibu,
wa kati kaamka, wa pete kajibu,
mdogo kalala, tumguse taratibu.

Mwanzo walikuwa wanashika kidole kwa mkono wa pili ili kukisaidia kufika. Sasa kulia wanafika vizuri, kushoto kidole cha pete bado kinavuta jirani zake. Nikijaribu haraka na mimi kinanivuta, ndivyo kilivyo.

Mwingine ni buibui: viganja vinakutana kwa ncha za vidole tu, vinasukumana, vinaachana. Jioni tunazima taa, naweka tochi, tunatengeneza ndege na mbwa ukutani. Kufungua mdomo wa mbwa wa kivuli ni kazi nzito kwa kidole kidogo na cha pete, na hawajui kama ni mazoezi.

Ulionigomea ni wa kufinyanga. Nilikanda vikombe 2 vya unga wa ngano, kikombe 1 cha chumvi, na maji kama kikombe 1 nikiyaongeza kidogo kidogo. Mmoja alipiga mbizi. Mwenzake aliugusa mara moja, akakunja uso, akaanza kulia na kupangusa mkono kwenye nguo. Nilitaka kumlazimisha, mama yao akanizuia. Tukauweka unga ndani ya mfuko wa plastiki mzito, tukaufunga vizuri. Akaubinya kupitia mfuko siku nyingi, baadaye akaomba tufungue "kidogo tu". Leo anaviringisha nyoka kama mwenzake. (Chumvi humo ni nyingi sana, msiwaache wale.)

Mama K

Kuchana karatasi! Miaka 2 na nusu. Magazeti ya zamani, anachana vipande virefu, anavifinyanga kuwa mipira kwa mkono MMOJA, anatupia kapuni. Sijanunua kitu.

Bibi mlezi

Wanangu, nimesoma yote kwa furaha. Mimi nalea wajukuu watatu, na naona jambo moja mnalipita mbio. Asubuhi tunawavalisha sisi. Tunawafunga vifungo, tunavuta zipu, tunafunga kamba za viatu, tunawafungulia chupa, halafu jioni tunatafuta michezo ya vidole.

Mjukuu wangu wa kati ana miaka minne. Nilichukua shati la zamani la babu yake, lina vifungo vikubwa, nikalitandaza mezani mbele yake. Kufunga akiwa amelivaa ni kugumu kwa sababu hauoni tundu, basi kwanza mezani. Nikaanza na kufungua, maana kufungua ni rahisi kuliko kufunga. Halafu nikasukuma kifungo mpaka nusu kikachungulia tundu, yeye akakivuta. Kila siku nikawa namwachia kazi kubwa kidogo zaidi. Kuna asubuhi alikaa na kifungo kimoja mpaka nikahesabu mia na ushee. Kinaingia, kinarudi. Kinaingia ukingo, gumba linateleza. Nilikaa juu ya mikono yangu nisimsaidie. Kilipopita hakupiga kelele. Alikipapasa tu kwa kidole, akakifungua tena, akaanza upya.

Muda ndio unaotushinda. Mimi huwaamsha dakika kumi na tano mapema kwa sababu hiyo tu.

Baba mgeni

Shikamoo bibi. Ya kukaa juu ya mikono naichukua.

Naomba kuuliza. Binti yangu miaka minne anatumia mkono wa kushoto kwa karibu kila kitu, na ndugu wananiambia nimgeuze mapema. Mkasi nao unamkataa, karatasi inajikunja tu haikatiki.

Mwalimu wa chekechea

Baba, usimgeuze tafadhali. Nimepokea watoto waliogeuzwa kwa nguvu, wanakuja wanaogopa hata kuinua mkono. Mkono unaotawala kwa wengi hutulia kati ya miaka 4 na 6, na wa kushoto ni mzima kama wa kulia. Weka kitu katikati mbele yake, aamue mwenyewe.

Mkasi una sababu. Makali ya mkasi wa kawaida yamepangwa kwa mkono wa kulia. Ukiushika kwa kushoto vidole vinayasukuma yaachane, na mstari wa kukata unafichwa. Ipo mikasi ya kushoto yenye makali yaliyopinduliwa, tafuta huo wenye ncha butu. Mfundishe gumba liwe juu, kiwiko kikae karibu na mbavu. Aanze na kukata vipande vyembamba vya karatasi ngumu, kata moja kipande kimeanguka. Mstari mrefu baadaye, duara mwisho. Akianza kuandika, karatasi ikae kushoto kidogo kwake na kona ya juu ya kushoto ipande.

Mama wa wa mwisho

Mimi nina mawili, moja la tahadhari.

Wangu alikuwa na miaka miwili na miezi minne nilipompa shanga atunge. Nikageuka kupokea simu. Niliporudi ushanga uko puani. Nikaanza kuuchokonoa, ukazidi kuingia. Hospitali waliutoa salama, ila daktari alinieleza kwamba kuchokonoa ndiko kulikoharibu. Chini ya miaka 3 mpeni pete kubwa za plastiki na kamba nene, na mkae naye. Na vile vibetri vya duara vidogo kama kifungo msiviache kabisa wanapofikia, kikimezwa kinaweza kuunguza koo ndani ya saa 2.

La pili ni kwa ajili ya mama mwanzisha uzi na wengine. Michezo yote hii tuliicheza na mwanangu wa kwanza, akafika miaka mitano bado kijiko kinamdondoka, na mkono wa kulia alikuwa hautumii hata kushikilia karatasi. Nilijilaumu muda mrefu. Tulipompeleka kwa mtaalamu wa tiba kwa vitendo (anayesaidia mtu kumudu shughuli za kila siku), swali lake la kwanza lilikuwa: alianza lini kupendelea mkono mmoja? Nikakumbuka, kabla hata hajatembea. Akasema mtoto anayeutelekeza mkono mmoja kabla ya mwaka mmoja na nusu aonwe mapema. Hali kadhalika anayepoteza alichokuwa anakiweza jana, au ambaye mkono unatetemeka au umekakamaa. Sisi tulichelewa, ila anaendelea vizuri. Anamimina maji kwa mikono miwili sasa.

Mama wa wawili (mwanzisha uzi)

Nimesoma kila neno, mengine mara mbili. Mama wa wa mwisho, asante kwa kusema hilo wazi. Wangu anatumia mikono yote, ila swali la mtaalamu nimeliandika kwa ajili ya huyu mdogo.

Niwape hali ilivyo. Penseli tuliirudia baada ya miezi mitatu, dakika tano tu, nayo ni kipande kifupi. Kati ya hapo tulikuwa na vibanio, na sponji: mabakuli mawili, moja la maji, anahamisha yote kwa kulowesha na kukamua. Halafu kopo lenye mfuniko wenye mwanya: anashika vifungo vitano kiganjani, anavisogeza kimoja kimoja hadi ncha za vidole bila kutumia mkono wa pili, anavitumbukiza. Huo ndio ulikuwa mgumu kuliko yote, na ndio anaoupenda. Anasikiliza mlio.

Herufi bado zinapanda mlima upande wa kulia. Karatasi haitoboki tena. Jana nilimpa kidole changu kama siku ile, akabinya, nikalazimika kumwambia basi inatosha.

Bibi, shikamoo. Hilo shati la babu, vifungo vyake vina upana gani? Nina koti moja hapa, navipima sasa hivi, ni sentimita 2.

Bibi mlezi

Marahaba mwanangu. Hizo mbili zinatosha. Tundu ukiona limebana, lipasue kidogo tu kwa wembe, ukishone ukingo lisifumuke. Anza na kifungo cha katikati, hapo macho yake yanafika.