Siku mbili Reykjavík: nianzie wapi kuona sanaa ya kisasa ya Aisilandi?

Mwalimu wa Tanga:
Ndugu wanajamvi, nawasalimu. Mimi hufundisha sanaa sekondari, na mwezi Machi, nikitoka kumtembelea dada yangu Copenhagen, nitakaa Reykjavík siku mbili. Nataka kuwaona wachoraji na wachongaji wa Aisilandi wa karne ya 20 hadi sasa, lakini naogopa kurudia kosa la safari iliyopita, nilipopita mbiombio katika vyumba vya jumba kubwa la makumbusho nikatoka sikumbuki picha hata moja. Nianzie wapi, na kipi nikiache?

Mkaazi wa Kaskazini:
Mwalimu, anzia Kjarvalsstaðir, jumba lililofunguliwa mwaka 1973 na kupewa jina la Jóhannes S. Kjarval (1885–1972). Huyu aliinamisha macho ardhini, akachora miamba ya volkeno na ukoga unaoifunika, hasa kule Þingvellir. Kwa mbali utaona jiwe tu. Ukisogea hatua mbili, jiwe hilo linakuwa alama fupi za brashi zisizo idadi, za kijivu, kijani na zambarau, na pengine sura ya mtu inakuchungulia humo ndani. Mimi nilisimama mbele ya picha moja karibu nusu saa. Ila maonyesho hubadilishwa, kwa hiyo ulizia kwanza kazi zake zipi zimetundikwa.

Mpita Njia:
Naafiki, lakini usiiache Hafnarhús, bohari la zamani la bandarini ambalo sasa ni jumba la sanaa, kwa kuwa tiketi moja inakuingiza huko, Kjarvalsstaðir na Ásmundarsafn pia, makumbusho ya mchongaji Ásmundur Sveinsson. Hafnarhús ndipo penye kazi za mchoraji Erró, aliyezaliwa mwaka 1932 na kuupa mji kazi zake zipatazo 2,000 mwaka 1989. Picha zake zimesheheni katuni, askari na wanasiasa waliobanana kama abiria wa daladala, na naamini wanafunzi wako wangezielewa upesi kuliko za Kjarval.

Bi Ufukweni:
Mwanangu, yapo pia ya kuona bila kiingilio. Nyuma ya makumbusho ya Einar Jónsson, jirani na kanisa la Hallgrímskirkja, kuna bustani ya sanamu zake za shaba. Ukiteremka mjini, mtaa wa Bankastræti, utaikuta sanamu ya mbeba maji ya Ásmundur Sveinsson, mwanamke mnene wa mabega na ndoo zake mbili, kumbukumbu ya watu waliowapelekea wenzao maji majumbani kabla ya mabomba. Ufukweni ipo Sólfar ya Jón Gunnar Árnason, mfano wa mashua wa chuma kisichoshika kutu. Ione jioni, jua likiwa chini, na uvae vizuri kwa sababu upepo wa pale ni mkali.

Mwalimu wa Tanga:
Nawashukuru sana. Siku ya kwanza nitakwenda Kjarvalsstaðir peke yake, ya pili Hafnarhús asubuhi, kisha nitatembea kwa miguu. Bi Ufukweni, kwa mbeba maji nitafungua daftari, maana mabega hayo nataka kuyachora mwenyewe.