Tupeane uzoefu: waliofika Quanzhou, bandari ya kale ya China

#1 (mleta uzi)
Wakuu, nyuzi za Guangzhou zimejaa: wapi pa kununua simu, nani katapeliwa mzigo. Leo tuongelee Quanzhou, mkoa wa Fujian. Nilikuwa nasoma Xiamen, na kutoka pale treni ya mwendo kasi ni kama nusu saa, kwa hiyo mji ule nimeuzunguka sana kwa miguu.

Enzi za tawala za Song na Yuan (Yuan ndiyo ya Wamongolia) hii ilikuwa moja ya bandari kubwa kabisa duniani. Waarabu waliiita Zaitun. Ibn Battuta aliyefika Kilwa mwaka 1331 ndiye huyo huyo aliyeshuka hapa miaka ya 1340. Mwaka 2021 UNESCO ikaingiza maeneo 22 ya hapa kwenye urithi wa dunia.

Ukiwa na siku moja tu, anza na msikiti wa Qingjing, wa mwaka 1009. Ukumbi wake wa kale ni kuta za mawe zisizo na paa, aya zimechongwa ukutani. Kisha nenda hekalu la Kaiyuan. Wengi huishia kupiga picha ile minara miwili; ninyi ulizeni banda la jahazi lililofukuliwa 1974. Kilichobaki ni mita 24 hivi, na tumbo lake limegawanywa vyumba 13, kikitoboka kimoja maji yasienee chombo kizima. Ndani walikuta pilipili manga, miti ya manukato, ubani, kauri. Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa shehena hiyo ilipita njia gani.

#2
Mimi historia sikuifuata, nilifuata viatu. Jinjiang iko hapo hapo jirani, na mji mdogo wa Chendai kila kona kiwanda. Niko Kariakoo, mzigo wangu mwingi unatoka huko. Bosi mmoja wa ukoo wa Ding alinipeleka kwenye jumba la mababu zao, akaniambia kupitia mkalimani kwamba hao wazee walikuwa Waislamu waliokuja kwa bahari. Yeye haswali, ila anasema kwenye sadaka ya mababu nguruwe haipelekwi. Nikadhani udugu umeanza. Bei hakushusha hata shilingi.

#3
Mie wa Lamu. Msiache kijiji cha Xunpu, cha wavuvi. Wanawake hufunga nywele kisogoni na kuzizungushia mashada ya maua mabichi, bibi wa miaka themanini naye kajipamba anauza chaza. Nikakumbuka vikuba vya kwetu! Siku hizi watalii hulipa wapambwe, foleni ndefu. Nyumba za zamani zina kuta za magamba makubwa ya chaza. Wenyeji husimulia kuwa magamba hayo yalikuja na majahazi kutoka ng'ambo kama farumi, yaani uzito wa kutuliza chombo. Hadithi tamu, japo chaza mbona wamejaa pale pale ufukweni?

#4
Msije mkadhani ilikuwa raha tupu. Pu Shougeng, tajiri Mwislamu aliyesimamia biashara ya bandari, aliwageukia Wamongolia Song ilipokuwa inaanguka, na watu wa ukoo wa kifalme waliokuwa mjini wakauawa. Halafu 1357 hadi 1366 askari wa Kiajemi walishika mji, na waliposhindwa wageni wengi walichinjwa. Baadaye watawala wa Ming, waliowaondoa Wamongolia, wakabana safari za baharini za watu binafsi. Nendeni makumbusho ya bahari mkaone mawe ya makaburi ya Kiarabu, ya Wakristo, na nakshi za mahekalu ya Kihindu. Mengi yalikuwa yametumika kujengea ukuta wa mji, yakaibuka ulipobomolewa. Mimi pale nilikaa muda mrefu kuliko msikitini.

#5
Chakula halali kinapatikana? Na niende mwezi gani?

#1 (mleta uzi)
@#5 tafuta migahawa ya tambi za Lanzhou, huendeshwa na Waislamu. Julai hadi Septemba ni msimu wa tufani na jasho lake ni la Dar mwezi Machi. Novemba ni nzuri. Pita pia makaburi ya Lingshan, kuna jiwe la kumbukumbu ya Zheng He, amiri wa meli za Ming, kufukiza ubani mwaka 1417, kwenye safari ile iliyofika hadi pwani yetu. Na unganisha malipo ya simu kabla hujatoka nyumbani, maana kwenye vibanda vidogo ukitoa noti muuzaji anahangaika kutafuta chenji.