Naomba ushauri: kipindi cha redio kuhusu farasi wa mbio, nianze na yupi?

Sauti_ya_Pangani
Wakuu, salaam. Natayarisha kipindi cha robo saa kwenye redio yetu ya jamii, kuhusu farasi wa mbio waliotikisa dunia na watu waliowazalisha. Wasikilizaji wangu wanajua mpira na ngalawa. Farasi huwaona kwenye televisheni tu. Sitaki kuwamwagia majina ya kigeni mfululizo hadi wazime redio. Nimemfikiria Secretariat wa Marekani, ila sina hakika kama anatosha kumshika mtu asiyewahi kuona mbio hizo. Nimtangulize nani, na mzalishaji yupi anafaa kusimuliwa?

Banda_la_Ngong
Mkuu, Secretariat anatosha kabisa, mradi usianze na orodha ya vikombe. Ingia moja kwa moja Belmont, New York, tarehe 9 Juni 1973. Umbali ni kilomita 2.4, farasi watano tu. Karibu na mwisho mpandaji wake (joki), Ron Turcotte, aligeuza shingo kuangalia saa ya uwanjani, maana mpinzani wa kumwangalia hakuwepo karibu. Alimaliza kwa dakika 2 na sekunde 24, wa pili akiwa nyuma kwa urefu wa farasi 31! Rekodi hiyo haijavunjwa mpaka leo. Itangaze kama unavyotangaza goli.

Bi_Mwanahamisi
Mwanangu, hiyo inasisimua, lakini umeuliza na wazalishaji, na kwao habari huanzia kwa mama. Mimi ningeanza na Mumtaz Mahal, farasi jike wa kijivu mwenye madoadoa, aliyenunuliwa mnadani Doncaster, Uingereza, mwaka 1922 kwa gini 9,100 (gini moja ni pauni moja na shilingi moja ya Kiingereza), angali wa mwaka mmoja. Mnunuzi alikuwa Aga Khan wa Tatu. Hapo msikilizaji atatega sikio, kwani jina hilo analijua kwa hospitali na shule, na wazee wa Dar es Salaam bado husimulia alivyopimwa kwa almasi mwaka 1946.

Mumtaz Mahal alikimbia mbio 10, akashinda 7. Kasi yake ilikuwa ya ajabu, ila umbali mrefu haukumfaa. Thamani yake kubwa ilionekana alipoanza kuzaa. Binti yake Mumtaz Begum alimzaa Nasrullah mwaka 1940. Nasrullah akapelekwa Kentucky, Marekani, akamzaa Bold Ruler, na Bold Ruler ndiye baba wa huyo Secretariat. Basi huna haja ya kuchagua: anza na bibi, malizia na kilembwe wake pale Belmont.

Mzee_wa_Nasaba
Naunga mkono, ila baba wa Nasrullah asiachwe. Ni Nearco wa Federico Tesio, mzalishaji wa Dormello, kando ya Ziwa Maggiore, Italia. Nearco alikimbia mara 14, hakushindwa hata moja. Kabla hajazaliwa, Tesio alitaka kumpandisha Nogara, mama wa Nearco, kwa dume aitwaye Fairway. Nafasi zikawa zimejaa, ikabidi amchukue Pharos, ndugu wa Fairway baba mmoja mama mmoja. Mtu amechambua nasaba maisha yake yote, kisha farasi aliyeeneza damu yake duniani akatoka kwa dume la akiba. Kisa hicho nakipenda kuliko rekodi zote.

Sauti_ya_Pangani
Shikamoo Bi Mwanahamisi, ahsanteni nyote. Nina hofu moja. Aga Khan wa Tatu alikuwa Imam wa Waismailia, na baadhi yao ni wasikilizaji wetu. Kumtaja kwenye mbio za farasi hakutaleta kero?

Bi_Mwanahamisi
Marahaba. Hakutaleta, ukimtaja kwa heshima: sema Mtukufu Aga Khan. Mwenyewe alishindanisha farasi wake hadharani, akatwaa Derby ya Epsom, mbio kubwa za Uingereza, mara tano, na mjukuu wake aliyerithi uimamu akaiendeleza kazi hiyo. Habari za kamari usiziguse kabisa. Hizo ndizo zitakazokuletea simu za malalamiko.

Nearco na Tesio wape dakika mbili, wasikumezee kipindi. Muda ukibaki, mtaje Zarkava, jike wa ukoo uleule wa Mumtaz Mahal, aliyeshinda mbio kubwa za Ufaransa, Prix de l'Arc de Triomphe, jijini Paris mwaka 2008 na kustaafu bila kushindwa. Utuwekee siku na saa ya kipindi, tusikilize.