Jino lilipokuamsha usiku ulifanya nini? Tupeane uzoefu

Mama wa Katindo: Jana nikichagua maharage nilikuta kajiwe keusi ka volkano, shavu likashtuka lenyewe. Mwaka jana kajiwe kama hako kalinipasulia gego. Siku tatu nilisikia tu kama sindano kila nikiuma kitu na kuachia. Usiku wa nne jino likaamka: nikilala linadunda pamoja na moyo, nikikaa linatulia kidogo. Mpaka saa kumi niko jikoni na ndoo, natia maji baridi mdomoni, yakipata moto natema, natia mengine. Ninyi mlipita namna gani?

Kijana wa Birere: Maji baridi! Nilifikiri ni mimi peke yangu.

Papa Chukudu: Ni mdudu. Fukiza mbegu kwenye makaa, achama juu ya moshi, utamuona anadondoka.

Nesi wa Himbi: Papa, kwa heshima zote, mdudu hakuna. Jino likitoboka au likipasuka mpaka kwenye neva, ndani kunavimba na hakuna nafasi ya kuvimbia. Ndiyo maana linadunda.

Papa Chukudu: Nimemuona kwa macho yangu. Mweupe.

Nesi wa Himbi: Ulichoona ni kiini cha mbegu yenyewe, kimepasuka kwa moto.

Yaya wa Ndosho: Bishaneni, mimi nimetembea na jino mpaka Sake. Tarehe 27 Mei 2021, alfajiri wametangaza watu waondoke Goma, siku tano tangu volkano yetu Nyiragongo iteme moto. Jino langu la chini lilikuwa limenyamaza wiki mbili, nami namshukuru Mungu nimepona, kumbe neva ilikufa na usaha unajikusanya chini. Mtoto mgongoni, godoro kichwani, shavu kama nimeficha embe. Kila honi naisikia kwenye mfupa. Karibu na Mubambiro mama mmoja akanipa karafuu mbili, nikatafuna, ulimi ukafa ganzi, nikapumua kidogo. Kesho yake mdomo haufunguki, mate hayapiti, homa. Muganga, daktari wa hospitali, akanishika chini ya taya, akasema huyu hasubiri foleni. Akapasua. Harufu ile mpaka leo naikumbuka.

Kijana wa Birere: Pole sana yaya. Na godoro?

Yaya wa Ndosho: Waliliiba nikiwa ndani.

Mtu wa Majengo: Mimi nilisaga aspirini nikajaza kwenye shimo.

Nesi wa Himbi: Aspirini inamezwa! Inaunguza fizi.

Mtu wa Majengo: Iliunguza. Fizi ikawa nyeupe kama karatasi.

Mzee wa Kasiksi: Sukutua na kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Usiteme.

Kijana wa Birere: Amoksilini ya farmasi ilinisaidia wiki moja, likarudi na hasira.

Nesi wa Himbi: Kidonge hakizibi shimo. Maji ya chumvi ya uvuguvugu, parasetamolo kwa kipimo, na asubuhi kwa dantisti, daktari wa meno. Ukivimba mpaka shingoni au kumeza kukishinda, usingoje asubuhi.

Mama wa Katindo: Mimi waling'oa. Najuta, nyama natafuna upande mmoja.

Mtu wa Majengo: Usijute. Dada yangu waliua neva, wakaziba, alirudi mara nne, na pesa ya kung'oa meno yote imeisha.

Binti wa Keshero: Yangu matatu ya juu yaliuma pamoja, nikiinama ndiyo balaa. Meno mazima, kumbe ni sinisiti, uvimbe ndani ya matundu ya mifupa ya uso.

Papa Chukudu: Nesi, dantisti wako anakuwepo siku gani? Ninaulizia jirani.