Sinki la Duchamp au kisu cha Hannah Höch: urithi wa Dada uko wapi?

Mleta mada

Wakuu, mwezi Novemba 2024 ndizi iliyobandikwa ukutani kwa utepe wa gundi, kazi ya Mwitaliano Maurizio Cattelan, iliuzwa mnadani New York kwa dola milioni 6.2. Mnunuzi, tajiri wa sarafu za kidijitali, aliila mbele ya waandishi wa habari. Kila anayeitetea ndizi ile anakimbilia kwa Madadaisti, yaani wasanii wa Dada, vuguvugu la sanaa ya kupinga sanaa lililozuka wakati wa Vita Kuu ya Kwanza: si Mfaransa Marcel Duchamp alipeleka sinki la kukojolea kwenye maonyesho mwaka 1917? Basi chochote ni sanaa, na mjadala umefungwa.

Mimi nasema haujafungwa. Nasema pia kwamba Madadaisti wanasingiziwa.

Tarehe 5 Februari 1916, mjini Zurich, Hugo Ball na Emmy Hennings walifungua ukumbi mdogo mtaa wa Spiegelgasse, wakauita Cabaret Voltaire. Hapo ndipo Dada ilipozaliwa. Uswisi haikuwa vitani, ndiyo maana ilijaa watu waliokimbia vita. Ball na Hennings walikuwa Wajerumani, Tristan Tzara na Marcel Janco walitoka Romania, Hans Arp alitoka Alsace. Lenin naye alipanga nyumba mtaa huohuo. Ball alikuwa ametaka kujiunga na jeshi kwa hiari yake, akakataliwa kwa sababu za afya. Alikwenda Ubelgiji kujionea vita kwa macho yake, na aliyoyaona huko yalimgeuza kabisa.

Kumbukeni hali ya mwaka ule. Tarehe 1 Julai 1916, siku moja tu ya mapigano ya Somme, Waingereza wapatao 19,000 walikufa. Walioamuru vita hiyo walikuwa watu waliosoma, wanaojua muziki na mashairi, na kila upande ulikuwa na washairi wake wa kuibariki. Wiki moja kabla ya hapo Ball alikuwa amepanda jukwaani akiwa amefungwa ndani ya mapipa ya karatasi ngumu, hata kutembea hawezi, ikabidi abebwe. Akaghani shairi lisilo na neno hata moja la lugha yoyote ya wanadamu. Aliandika mwenyewe kwamba anaikataa lugha iliyoharibiwa na magazeti. Wengine husikia upuuzi pale. Mimi nasikia kwikwi ya mtu aliyelia mpaka maneno yakamwishia.

Kwa hiyo sanaa ya kupinga sanaa ilikuwa na adui, na adui huyo alikuwa na jina: utamaduni uliobariki mauaji. Ukimwondoa adui huyo ukabaki na mzaha peke yake, umebaki na bidhaa. Urithi wa kweli wa Dada nauona Berlin, kwa Hannah Höch na John Heartfield, waliokata picha za magazeti na kuzibandika upya. Hauko kwenye sinki, na kwenye ndizi ndiyo kabisa. Leteni hoja.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, umeruka sinki haraka mno. Duchamp alikuwa mjumbe wa chama kilichoandaa maonyesho yale ya New York. Kanuni yao ilikuwa wazi: lipa dola 6, kazi yako itaonyeshwa, hakuna majaji. Likaja sinki limesainiwa "R. Mutt", ada imelipwa, na waungwana wale wakalificha. Duchamp akajiuzulu. Hapo ameonyesha kwamba uhuru waliokuwa wakiutangaza ulikuwa na mipaka ambayo hawakuthubutu kuiandika. Hilo nalo ni pigo dhidi ya unafiki. Tena Marekani ilikuwa imetangaza vita siku chache tu kabla ya maonyesho kufunguliwa, Aprili 1917.

Shida yangu ni yaliyofuata. Sinki la awali lilipotea, limebaki kwenye picha aliyoipiga Alfred Stieglitz. Haya tunayoyaona kwenye makumbusho ni nakala, na nyingi ni za mwaka 1964, alizoziidhinisha Duchamp mwenyewe na kuzitia saini ziuzwe. Moja iliuzwa mnadani mwaka 1999 kwa zaidi ya dola milioni 1.7. Kwa hiyo usimlaumu Cattelan peke yake. Mlango wa soko aliufungua Duchamp mwenyewe, akiwa hai na akili timamu.

Mchangiaji wa pili

Kabla hamjaendelea kumgawia Duchamp sifa na lawama, kuna barua yake kwa dada yake Suzanne ya tarehe 11 Aprili 1917. Humo anasema ni rafiki yake wa kike aliyeleta sinki lile kwa jina la kiume. Wapo wanaoamini rafiki huyo ni Elsa von Freytag-Loringhoven, mshairi wa Kijerumani aliyeishi New York kwa umaskini mkubwa. Wengine wanapinga vikali. Mimi nataka tu muone jinsi jina la mwanamke linavyopotea kirahisi katika historia hii.

Na huyo Höch unayemsifu, mleta mada, mchoraji George Grosz na Heartfield hawakutaka ashiriki maonyesho makubwa ya Dada ya Berlin mwaka 1920. Mdadaisti mwenzao Raoul Hausmann alitishia kujitoa ndipo wakamkubali. Wanaume waliotaka kuangusha ulimwengu mzima walishindwa kumpa mwenzao nafasi ukutani.

Mchangiaji wa tatu

Nawasoma toka juu na hakuna aliyegusa kinachoniuma mimi. Mdadaisti wa Kijerumani Richard Huelsenbeck alisimama pale Cabaret Voltaire akaghani "mashairi ya Wanegro" aliyoyatunga mwenyewe, kila ubeti ukiishia na "umba umba". Mwenye jengo, Jan Ephraim, baharia wa zamani, alimwambia kwamba hayo si ya kweli akampatia mengine. Huelsenbeck akayapokea lakini "umba" yake hakuiacha. Tzara alikuwa mwangalifu zaidi. Alichukua nyimbo za Afrika na za visiwa vya Pasifiki kutoka majarida ya wataalamu wa Kizungu, akazisoma jukwaani. Walioziimba mara ya kwanza hatuwajui kwa majina.

Na vita hiyo mnayosema iliwaliza ilikuwa pia kwetu. Kuanzia Tanga mwaka 1914 hadi Novemba 1918, makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa kwa njaa, kuhara damu na uchovu, wakibeba mizigo ya majeshi ya Kijerumani na Kiingereza. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi, majina yaliyotokana na "Carrier Corps", kikosi cha wapagazi, zimebeba kumbukumbu hiyo hadi leo. Kule Zurich Mwafrika aliingia ukumbini kama sauti ya ngoma tu. Wasanii waliodai kuukana ustaarabu wa Ulaya walibaki na dharau yake ileile.

Mleta mada

Naanza na huyu wa mwisho, kwa sababu hoja yake ndiyo nzito kuliko zote. "Umba umba" siitetei. Kumpinga Kaiser, mfalme wa Ujerumani, hakumfanyi mtu awe huru na mawazo ya Kaiser kuhusu sisi, na anayeandika historia ya Dada akiruka jambo hili anaandika nusu.

Lakini, ndugu yangu, fuata uzi huohuo hadi Berlin. Paul von Lettow-Vorbeck, jenerali yuleyule wa Kijerumani aliyewamaliza wapagazi wetu, alirudi Ujerumani akaandamana kishujaa chini ya Lango la Brandenburg mwezi Machi 1919. Mwaka uliofuata akaunga mkono jaribio la kuipindua jamhuri. Miezi michache baada ya jaribio hilo, Juni 1920, Madadaisti wa Berlin walifungua maonyesho yao, na juu darini wakaning'iniza sanamu ya ofisa wa jeshi la Prussia aliyevalishwa sare na kupewa kichwa cha nguruwe. Kibao chake kilisema anayetaka kuielewa kazi hii afanye gwaride kwa muda wa saa kumi na mbili kila siku uwanja wa Tempelhof, akiwa na shanta zito mgongoni. Walishtakiwa kwa kulitukana jeshi, na Grosz akatozwa faini. Sidhani walimfikiria mpagazi hata mmoja. Ila waliyemtia kichwa cha nguruwe ni tabaka lilelile lililompiga viboko mpagazi huyo.

Kuhusu Höch, mchangiaji wa pili, kisa hicho kinanipa sababu zaidi ya kumtetea. Alikuwa akifanya kazi katika kampuni ya magazeti, akichora ruwaza za kushona na kufuma. Magazeti hayohayo ndiyo aliyoyakatakata. Katika kazi yake kubwa ya mwaka 1919, ile yenye kisu cha jikoni ndani ya jina lake, Kaiser na majenerali wamechanganywa na mashine, wacheza dansi na wanamapinduzi. Pembeni chini amebandika ramani ya nchi za Ulaya ambako wanawake wamepata kura, na kichwa chake mwenyewe kidogo hapo. Wenzake walimbania nafasi, yeye akaweka madai yake ndani ya picha, na wanawake wa Ujerumani walikuwa wamepiga kura kwa mara ya kwanza Januari ya mwaka huohuo. Hiyo ndiyo silaha ninayoisema.

Heartfield aliichukua mbinu hiyohiyo mwaka 1932 akamwonyesha Hitler kama anavyoonekana kwenye eksirei, uti wa mgongo ukiwa ni sarafu zilizopangwa, na maelezo kwamba anameza dhahabu na kutoa takataka. Mwaka 1933 ilibidi akimbilie Prague. Mwaka 1937 Wanazi walitenga ukuta mzima wa kuibeza Dada katika maonyesho yao ya Munich ya sanaa waliyoiita potofu. Utawala ule haukuwa na muda wa kuwasaka watu wasio na madhara.

Mchangiaji wa kwanza

Nakubali kuhusu Heartfield. Sasa nijibu hili. Mwaka 1993 mjini Nîmes, Mfaransa Pierre Pinoncelli alilikojolea sinki la Duchamp kisha akalipiga nyundo. Mwaka 2006 akalipiga tena nyundo, safari hii Paris, katika jumba la makumbusho la Pompidou. Alidai anafanya kazi ya Dada, na mahakama ikamtia hatiani kwa kuharibu mali ya thamani. Nani pale alikuwa Mdadaisti?

Mleta mada

Hakuna. Makumbusho yalikuwa yakilinda nakala, na yeye alipiga nyundo nakala. Ball, Höch na Heartfield walimkabili mwenye madaraka ya kuua, na mwenye madaraka hayo hakuwemo ndani ya jumba la Pompidou siku ile. Mwenye mfano wa msanii wa leo aliyemkabili adui wa aina hiyo kwa mkasi na gundi, auweke hapa tuupime.